Farasi Wanaobaki Njiani

Kabla ya kuwa mtu wa rola nilikuwa mtu wa mikanda. Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoendelea na kazi katika kile chumba chetu cha Chumbageni, kwa sababu kila mwenye gari la mbio anayeingia pale huja na swali moja, na mimi nimelijibu kwa miaka ishirini na moja: farasi wangu wengine wameenda wapi? Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara kila mtu anaujua wa mwenzake hata asipoambiwa.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa barabara ya Pangani. Baba alitoka Songea akiwa kijana kuja kukata mkonge kwa miaka miwili, akazikwa huku huku. Nilipomaliza kidato cha nne, wasichana wenzangu waliopata kazi shambani walipelekwa kwenye brashi, nyuzi zinakosafishwa. Lakini karani aliziona hesabu zangu kwenye cheti, akanituma karakana nikaandike daftari la mitambo: injini imewashwa saa ngapi, imekunywa mafuta kiasi gani, nini kimevunjika. Ilikuwa kazi ya kalamu, nami nikaenda siku ya kwanza na gauni jeupe. Sikulirudia.

Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mzee Shemweta, Msambaa wa milimani, mrefu, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu asiyeinua sauti ingawa alifanya kazi mahali ambapo usipopiga kelele husikiki. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba yake, akalitazama gauni, akalitazama daftari, kisha akauliza, "Ile injini ina nguvu za farasi ngapi?"

Kibao kilikuwa kimepigwa misumari ubavuni mwa injini. Nikasoma. "Mia moja na ishirini."

"Na korona inapata ngapi?"

Korona ni ile mashine inayoyakwangua majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Ilikuwa mwisho wa jengo, injini mwanzo wa jengo, na katikati ilipita shafti ndefu ukutani yenye mikanda mitano. Nikajibu kuwa inapata mia moja na ishirini.

"Njoo," akasema.

Akanitembeza kando ya ile shafti mpaka kwenye beringi ya kwanza, akaniambia niweke kiganja na kuhesabu hadi kumi. Nikafika kumi. Ya pili nikafika kumi. Ya tatu niliutoa mkono nikiwa kwenye nne. Mzee Shemweta akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari anayoijua. "Hapo kuna farasi wanne au watano," akasema. "Hawajatoroka. Wamekaa hapo wanaota moto. Kila mkanda unakula, kila beringi inakula. Injini inapika, lakini chakula hupitia mikono mingi kabla hakijafika mezani. Andika kwenye daftari: beringi ya tatu, grisi."

Nikaandika. Jioni ile mama aliuliza nimejifunza nini, nikamwonyesha malengelenge.

Nilikaa karakana ile miaka kumi na mmoja, na daftari nililiacha mwaka wa pili nikashika spana. Mzee hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa anafungua kitu, ananiachia nikifunge, kisha anakifungua tena mbele yangu bila kusema ni boliti ipi niliyoikosea. Ilibidi niitafute. Shamba lilipoleta mota za umeme, kila mashine na mota yake, ile injini kubwa ilizimwa na mikanda ikauzwa kwa watu wa ng'ombe, waikate kamba. Mimi na Mzee tukakosa kazi, tukakaa nyumbani wiki moja.

Wiki ya pili alikuja Bwana Nassor. Ukoo wao ni wa asili ya Omani, wa siku nyingi Tanga, wenye minazi na maduka, lakini yeye mapenzi yake yalikuwa magari yanayokimbia. Alikuwa amefungua gereji Chumbageni ya kutengeneza magari ya mbio, na watu walimcheka wakiuliza yatakimbilia wapi, ukitoka mjini hapa mbuzi, pale bodaboda. Hawakujua kwamba wenye magari hayo wapo Moshi, wapo Arusha, wapo Mombasa, na kwamba barabara za mashambani zinapofungwa kwa mashindano, wote hutafuta fundi. Bwana Nassor alimfuata Mzee Shemweta kwa ajili ya injini. Mzee akasema atakwenda ikiwa nami nitakwenda.

"Mwanamke gereji?" Bwana Nassor akauliza.

"Ni fundi," akasema Mzee.

Mazungumzo yaliishia hapo, na nadhani ndiyo usaili mfupi kuliko wote niliowahi kufanyiwa.

Mashine ya rola ilikuja miaka kadhaa baadaye, imetumika, ndani ya kontena, na nusu ya boliti zake ndani ya debe la rangi. Nyinyi mmeikuta imekaa kwenye shimo lake kama iliyozaliwa pale. Sisi tulilichimba shimo lile mara mbili, kwa sababu la kwanza lilijaa maji ya chini. Mhandisi aliyekuja kuifunga alikaa siku nne, akaacha kitabu kinene cha Kijerumani chenye michoro mizuri, akaondoka. Bwana Nassor akatutazama mafundi wote, akauliza nani aliyekuwa mzuri wa hesabu shuleni. Watu wote wakanigeukia mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata chumba.

Kwa asiyeijua, mashine yenyewe si ya ajabu. Gari hupandishwa, magurudumu yake manne yakakaa juu ya rola, likafungwa kwa mikanda lisiruke, feni kubwa ikawekwa mbele ya pua. Unalitia gia ya nne, unakanyaga mafuta, magurudumu yanazisukuma rola, na mashine inapima yanazisukuma kwa nguvu gani. Hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia. Mwenye gari amesoma kitabu kilichokuja na gari, na kitabu kinataja nguvu ya injini. Rola haiijui injini, inalijua tairi. Baina ya injini na tairi kuna klachi, giaboksi, propela, difu, ekseli na beringi zake, na kila mmoja ana sahani yake.

Gari la kwanza kulipima lilikuwa la Bwana Nassor mwenyewe, jekundu, la viti viwili, ambalo mji mzima ulikuwa umeambiwa lina farasi mia tatu. Aliwaalika jamaa zake, wakaletewa kahawa na tende. Mimi nilifunga mikanda, nikaangalia oili, nikaangalia maji, nikasahau kuangalia meno ya matairi. Nilipokanyaga, kijiwe kilichokuwa kimenasa kwenye tairi kilichomoka kikapasua kioo cha ofisi na chupa ya chai nyuma yake. Hakuumia mtu. Tangu siku ile sijawahi kuliwasha gari juu ya rola kabla sijapiga magoti na bisibisi kuchokoa vijiwe, na nyinyi mlionicheka kwa kupiga magoti sasa mnajua kisa chake.

Tulifagia, nikakanyaga tena. Kompyuta ya mashine ikatoa mia mbili na kumi na mbili.

Bwana Nassor akasema mashine ina kasoro. Nikarudia. Mia mbili na kumi na moja. Nikarudia tena, mia mbili na kumi na mbili. Jamaa zake wakaanza kuulizana habari za mnada wa ng'ombe. Hakunisemesha hadi Ijumaa. Baada ya swala alinitumia sahani ya halua na ujumbe kwamba nimfundishe kuisoma karatasi ile, naye alikuwa mwanafunzi mwepesi. Nasema hili ili mjue alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu ninayoyasimulia sasa yanaweza kumfanya aonekane vingine.

Kesi ninayotaka kuwaachia ni ya Bwana Khalfani. Alikuwa na nyumba za wageni Ushongo, mtu wa makamo, mcheshi, na ameoa kwenye ukoo wa Bwana Nassor. Alikuwa na gari la Kijapani lenye turbo, kile kipulizi kinachoishindilia injini hewa, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kitabu chake kilisema farasi mia mbili na themanini. Injini ilikuwa imechoka, akatuletea, na Mzee Shemweta akaifungua yote na kuijenga upya kwa wiki tatu. Nilimwona akipima kila pistoni. Gari likaondoka linanguruma vizuri. Miezi minne baadaye Bwana Khalfani alikwenda kwenye mashindano, akapitwa kwenye mwinuko na gari ambalo kwa kitabu lilikuwa dogo kuliko lake. Asubuhi ya Jumatatu alikuwa mlangoni petu na marafiki watatu.

"Dada Dora, lipime," akaniambia. "Wote tuone."

Nikalipima. Mia moja na sabini na moja.

Aliitazama namba ile, kisha akaongea kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi za mafundi. "Kitabu kinasema mia mbili na themanini. Hapa pana mia moja na sabini na moja. Mimi sijui ufundi, lakini kutoa najua. Farasi zaidi ya mia wamechukuliwa. Na aliyeifungua injini hii ni mtu mmoja. Turbo yangu ile nzima iko wapi, Mzee?"

Mzee Shemweta alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu wakati ule. Alijifuta mikono, akakikunja kitambaa, akakiweka juu ya benchi. "Turbo iliyomo ndiyo uliyoileta," akasema.

"Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyeibadilisha."

Mzee alivua ovaroli, akaitundika, akaenda kukaa kwenye kiti cha mlinzi nje ya geti. Tanga ni mji wa watu wanaojuana. Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika Makorora kwamba mzee wa kanisa ameiba turbo, na alasiri binti yake alikuja gereji na macho mekundu kumchukua baba yake.

Bwana Nassor aliniita ofisini, akafunga mlango. "Dora, mwanangu, kaa." Alikuwa amefadhaika kweli. "Kwenye ile kompyuta kuna mahali pa kuandika asilimia ya nguvu inayopotea njiani, si ndiyo? Halafu inapiga hesabu yenyewe inasema injini ina ngapi."

"Ipo, Bwana."

"Andika arobaini."

Nilipiga hesabu kichwani. Mia moja na sabini na moja, ukisema asilimia arobaini imepotea, injini inatoka na mia mbili na themanini na tano.

"Khalfani ataona namba yake," akaendelea. "Ataomba radhi, ataondoka anacheka. Mzee atarudi kazini na heshima yake. Hakuna aliyeumizwa. Mimi ni mtu mzima, nimekwisha ona ndugu wakikosana kwa madogo kuliko haya."

Sitawadanganya, nilitaka kuandika. Mzee yule alinitoa kwenye daftari akanipa mikono. Nilikwenda chumbani, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaandika nne, nikaandika sifuri, nikazitazama. Kisha nikafikiria maana yake. Arobaini maana yake ni kwamba farasi mia moja na kumi na zaidi wanapotea ndani ya giaboksi na difu. Na farasi wakipotea ndani ya chuma hawafi kimya, wanageuka moto. Moto wa farasi mia na kumi ungelichoma lile gari kabla halijafika Pangani. Namba ile haikuwa kipimo, ilikuwa dua. Tena Khalfani angerudi mashindanoni, angepitwa tena, na safari hii angetuita wezi sisi wote.

Nikazifuta. Nikarudi ofisini.

"Siandiki, Bwana. Nipe hadi kesho saa kumi nitafute waliko. Nikishindwa, tafuta mtu mwingine wa kukaa chumba kile."

"Unaweka kazi yako juu ya turbo ya shemeji yangu?"

"Naiweka juu ya mashine yako."

Akakubali, si kwa furaha. Nilirudi nyumbani. Miaka yote ile sikuwahi kumjibu mwajiri namna ile, na nilikuwa na watoto wawili shuleni.

Asubuhi nilipitia nyumbani kwa Mzee Shemweta. Alikuwa ameketi barazani na Biblia iliyofungwa. Nilimwamkia, nikamwambia nataka kulipima gari upya kipande kwa kipande, na ningependa awepo. Alikataa. Akasema akiwepo watasema alinielekeza. Nilipokuwa naondoka akaniita, "Dora. Usinipendelee."

Kipimo nilichokifanya mnakifanya kila siku sasa, lakini wakati ule kilikuwa kwenye kitabu cha Kijerumani tu, na nilikielewa kwa michoro. Unakanyaga mpaka mwisho, mashine inasoma nguvu ya magurudumu. Kisha hapo hapo unakanyaga klachi, injini inaachana na magurudumu, na unaziacha rola zijipunguze mwendo zenyewe. Kinachozipunguza mwendo ni ule ulaji wa njiani: giaboksi, difu, beringi, matairi. Mashine inaupima ulaji huo. Ukijumlisha kilichofika na kilicholiwa, unaijua injini bila kuandika asilimia yoyote ya kubuni.

Kilichofika, mia moja na sabini na moja. Kilicholiwa, themanini na nne. Injini, mia mbili na hamsini na tano.

Nilikaa chini sakafuni. Injini ya umri ule, kwa joto letu la Tanga, ikiwa na mia mbili na hamsini na tano, ni injini iliyojengwa na fundi. Turbo iliyochoka isingefika hapo. Lakini themanini na nne ni walaji wengi mno. Gari la aina ile kwa kawaida hula hamsini na kitu. Farasi thelathini walikuwa wamekaa mahali fulani wanaota moto.

Nililiendesha juu ya rola dakika kumi, nikazima, nikaingia shimoni na kiganja. Vitovu vya magurudumu vyote vinne, nilifika kumi. Difu ya nyuma, nilifika tano. Mkia wa giaboksi, pale nguvu inapogawanywa kwenda mbele na nyuma, sikuweza hata kugusa.

Nilianza na oili. Niliifungulia kutoka difu na giaboksi, ikatoka polepole kama asali ya nyuki wadogo. Kitabu cha gari kiliagiza oili ya uzito wa tisini. Hii ilikuwa mia na arobaini, oili ya malori, na niliijua hata kwa harufu, kwa sababu ndiyo tuliyoitumia kwenye gia za korona. Mzee aliiamini kuliko alivyowaamini watu. Alikuwa ameiweka siku aliyoirudisha injini, kwa nia njema, na ilikuwa kosa. Nilisimama pale na beseni mkononi nikiyakumbuka maneno yake ya asubuhi.

Nikaweka ya tisini, nikapima. Kilichofika, mia moja na themanini. Kilicholiwa, sabini na tano. Injini, mia mbili na hamsini na tano.

Walibaki zaidi ya ishirini, na mkia wa giaboksi bado ulichoma. Nililizunguka gari mara nyingi. Saa sita hivi nilisimama ubavuni nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita tangu jana: matairi ya mbele yalikuwa mapya, ya nyuma yamekwisha. Namba za ukubwa zilizoandikwa ubavuni zilikuwa sawa. Nikavuka barabara kwa fundi cherehani, nikaazima futi yake, nikalipima tairi la mbele kwa kuizungusha, kisha la nyuma. La mbele lilizidi kwa sentimita nne.

Sentimita nne si kitu kwa mtu anayeshona suruali. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, maana yake ni kwamba mbele na nyuma haviendi pamoja. Tairi dogo lazima lizunguke zaidi ili liende sawa na kubwa, na kile kigawanyio kilicho katikati kinasuguliwa kila dakika kuwapatanisha wawili wasiopatana. Kama kaya yoyote, mpatanishi ndiye anayeungua. Nikatafuta matairi manne yanayolingana kwenye stoo, nikayafunga, nikapima.

Kilichofika, mia mbili na mbili. Kilicholiwa, hamsini na tatu. Injini, mia mbili na hamsini na tano.

Ilikuwa saa nane na nusu. Niliandika karatasi moja yenye vipimo vyote vitatu. Nilipofika mahali pa kueleza sababu, kalamu ilisimama. Nikatembea hadi kwa Mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, hata nilipofika kwenye oili.

"Sijui kama niiandike," nikamwambia. "Matairi peke yake yanatosha kukusafisha."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Basi unaniuliza nini?"

Alikwenda ndani, akatoka amevaa shati la kanisani. Tukarudi pamoja.

Saa kumi Bwana Khalfani alikuja na marafiki wale wale. Bwana Nassor alisimama mlangoni mikono nyuma. Niliisoma karatasi kwa sauti, mstari kwa mstari. Niliposema, "Farasi tisa, oili nzito iliyowekwa na gereji hii," mtu mmoja akaguna. Mzee Shemweta akasema, "Ni mimi. Niliiweka mimi, nikidhani nakilinda chuma. Nimekosea." Nikaendelea. "Farasi ishirini na wawili, matairi yasiyolingana, yaliyofungwa baada ya gari kuondoka hapa."

Bwana Khalfani akaomba aione ile futi. Nikampa. Alichuchumaa na kanzu yake nyeupe, akayapima mwenyewe yale matairi yake niliyoyaegemeza ukutani, moja baada ya jingine, akarudia. Alipoinuka alikuwa na alama nyeusi hadi kiwikoni.

"Nilinunua mawili tu," akasema. "Ya nyuma niliona bado yana uhai."

"Na hao wengine karibu themanini?" rafiki yake akauliza. "Kitabu kinasema mia mbili na themanini, hapa mia mbili na mbili."

Nikamweleza kwamba kitabu kiliipima injini ikiwa mpya, ikiwa peke yake juu ya meza, mahali pa baridi. Gari haliendeshwi juu ya meza. Ishirini na tano wamekwenda na umri na joto, hamsini na tatu ni haki ya njia. Yeye hakuridhika, lakini Bwana Khalfani hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amekwenda kusimama mbele ya Mzee Shemweta.

"Mzee, nilikuita mwizi mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Binti yangu alilia," Mzee akasema. "Utapita nyumbani, umwambie na yeye."

Bwana Khalfani alipita jioni ile ile. Najua kwa sababu Mzee aliniambia kesho yake, huku akivaa ovaroli, kama habari ya mvua.

Kuanzia wiki ile kila karatasi iliyotoka chumbani ilikuwa na mistari mitatu: kilichofika, kilicholiwa, na jumla. Pale pa asilimia kwenye kompyuta Bwana Nassor mwenyewe alipabandikia plasta. Mwanzoni tulipoteza wateja. Kulikuwa na mashine nyingine mji mwingine, sitautaja, iliyokuwa karimu sana, na watu walikwenda huko wakarudi na namba za kutundika sebuleni. Kisha wakaanza kurudi wenye magari yaliyokuwa na namba nzuri na mwendo mbaya. Wakaja kutoka Moshi, wakaja kutoka Mombasa, mmoja alilileta gari lake juu ya lori siku mbili ili tu tumwambie ukweli. Mafundi wa mbali wakawa wanaulizana, "Imepimwa wapi?" na wakiambiwa Tanga, mazungumzo yanaishia hapo. Najivunia mambo machache maishani, watoto wangu kwanza, na hilo.

Mzee Shemweta alifanya kazi miaka sita mingine, akarudi milimani kulima pilipili hoho na kabichi. Amekwisha tangulia. Bwana Nassor yupo, anatembea kwa mkongojo, na bado anaisoma kila karatasi kabla haijatoka.

Nimalizie na mwezi wangu wa mwisho. Mwanaidi, fundi niliyemfundisha rola, alikuwa amekaa nami miaka tisa, na barua ya kumkabidhi chumba ilikuwa imeandikwa, lakini mimi nilikuwa bado nazunguka pale kama mama mkwe. Jumanne moja alikuja bwana mmoja mkubwa, simtaji, anauza gari lake, na anataka karatasi yenye namba ya juu kidogo kuliko iliyotoka. Mimi nilikuwa kwenye korido. Nilimsikia akibembeleza, kisha akiahidi, kisha akitaja watu anaowajua. Niliweka mkono kwenye kitasa. Nilikuwa na hotuba nzima tayari.

Mwanaidi hakuinua sauti. "Bwana," akasema, "namba naweza kukuandikia yoyote uitakayo. Lakini utaondoka na gari hili hili."

Nikasikia mashine ya kuchapa ikitoa karatasi, na yule bwana akisema haya, lete.

Nikakiachia kitasa. Nikachukua mkoba wangu, nikamuaga mlinzi, nikaenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka. Barua inasema nilistaafu tarehe thelathini. Mimi nahesabu Jumanne ile.